Dawa Inayochubua Kabla ya Kuponya: Mwongozo kwa Anayetibiwa Ngozi Iliyoharibiwa na Jua

Kila anayepokea huduma ya afya anayo haki ya kuelezwa mapema kile atakachotendewa, faida yake na maumivu yake. Tumeona vyema kuitolea haki hiyo sura nzima ya kijitabu hiki kwa sababu ipo tiba moja ambayo mgonjwa asipoelezwa atadhani imemdhuru, hali ndiyo kwanza imeanza kumsaidia. Nayo ni tiba ya madoa yanayoletwa na jua kwenye ngozi.

Tunawaandikia hasa watu wenye ualbino na wanaowalea, kwa kuwa wao ndio wanaoihitaji zaidi katika nchi zetu. Hata hivyo, yaliyomo yanamhusu pia mtu yeyote mwenye ngozi nyeupe aliyefanya kazi juani kwa miaka mingi, na mgonjwa aliyepandikizwa figo ambaye dawa anazotumia zimedhoofisha kinga ya mwili wake.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa fundi cherehani mwenye ualbino, anayeketi barazani pa duka kutwa nzima. Kwenye paji la uso na masikioni ametokwa na madoa yanayokwaruza. Zahanati inampa rufaa, naye anafika kwa mtaalamu wa ngozi siku yenye msongamano mkubwa wa wagonjwa. Anapewa tyubu ya krimu na agizo moja tu: apake asubuhi na jioni kwa majuma matatu.

Juma la kwanza linapita kwa salama. Siku ya kumi uso unakuwa mwekundu na kuwaka moto. Siku ya kumi na mbili ngozi inachubuka na kutoa majimaji. Wateja wanamkodolea macho; jirani anamwambia kwamba ameuziwa sumu. Anaitupa tyubu jalalani na kupaka mafuta ya kutuliza muwasho aliyoazimwa na jirani huyo. Baada ya siku chache wekundu unatoweka, naye anamshukuru Mungu kwamba amepona. Lakini madoa hayajaondoka. Mwaka wa pili doa la sikioni linageuka kidonda kisichofunga.

Mfano huu tumeubuni, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake isiyoweza kutokea. Tena hakuna aliyefanya ubaya kwa makusudi. Mtaalamu aliandika dawa iliyo sahihi, jirani alimwonea mwenzake huruma, na fundi alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye busara angekifanya kwa dawa inayomchubua uso. Kilichokosekana ni maelezo ya dakika tano.

Jua hufanya nini katika ngozi

Ngozi ya binadamu hutengeneza rangi iitwayo melanini, ambayo huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua isifike kwenye chembe hai zilizo chini. Mtu mwenye ualbino amezaliwa na melanini kidogo sana au hana kabisa. Mionzi ile ile inayompita jirani yake bila kuacha alama huivuruga mipango ya urithi iliyomo ndani ya chembe za ngozi yake. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini si wote. Unaobaki hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, tangu utotoni.

Nasi tunaishi karibu na mstari wa Ikweta, ambako mionzi hiyo ni mikali miezi yote. Wakazi wa nyanda za juu wasidanganywe na baridi, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo mionzi inavyozidi. Wala wingu jepesi si kinga, kwani hupunguza joto tunalolihisi huku likipitisha sehemu kubwa ya mionzi.

Dalili ya kwanza ya uharibifu uliokwisha kujilimbikiza ni madoa makavu yenye magamba, yanayokwaruza kama msasa. Mara nyingi kidole huyagundua kabla ya jicho. Hutokea usoni, masikioni, kwenye mdomo wa chini, shingoni, mikononi na juu ya viganja. Gamba likibanduliwa hurudi pale pale.

Doa la aina hii si saratani, na mengi hayafikii kuwa saratani. Lakini machache hugeuka, wala hakuna awezaye kutazama madoa ishirini na kusema kwa hakika ni lipi litakalogeuka. Kwa mtu mwenye ualbino hatari hiyo ni kubwa zaidi na huja mapema zaidi, pengine akiwa bado kijana. Ndiyo maana wataalamu huyatibu yote yangali madogo. Kuondoa doa ni kazi ya dakika chache au majuma machache; saratani iliyokwisha kuingia ndani ya sikio au shingo huhitaji upasuaji mkubwa, na wakati mwingine mionzi ya hospitali.

Njia mbili zinazotumika zaidi

Njia ya kwanza ni kugandisha. Mtaalamu hutumia nitrojeni ya kimiminika, ambayo ubaridi wake hufikia nyuzi 196 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Huipuliza juu ya doa, au huigusisha kwa pamba, kwa sekunde chache. Doa hugeuka jeupe kama theluji, kisha huyeyuka. Maumivu yake ni ya kuchoma, na huzidi kidogo ngozi inapoanza kupata joto tena. Baada ya saa chache sehemu huvimba. Aghalabu hutoka lengelenge, ambalo si baya hata likiwa na damu ndani. Lisitumbuliwe. Hukauka na kuwa gamba linalodondoka lenyewe, kwa kawaida ndani ya juma moja au mawili usoni, na kwa muda mrefu zaidi miguuni. Huenda likaacha alama iliyopauka.

Njia hii inafaa pale madoa yanapokuwa machache na yanayohesabika. Yakiwa mengi na kukaribiana, au ngozi yote ya paji la uso ikiwa imekwaruza, mtaalamu huenda akachagua njia ya pili, yaani krimu ya fluorourasili, ambayo kwa kawaida huwa na nguvu ya asilimia 5. Hiyo ndiyo aliyopewa fundi wetu.

Kwa nini krimu hii huchubua

Fluorourasili ilitengenezwa Marekani na kutangazwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger pamoja na wenzake, ikiwa dawa ya saratani za ndani ya mwili. Baadaye madaktari walitambua jambo ambalo hawakulitazamia: wagonjwa waliopewa dawa hiyo kwa sababu nyingine walianza kuwa wekundu pale palipokuwa na madoa ya jua, huku ngozi iliyo kando ikibaki salama. Hapo ndipo lilipopatikana wazo la kuipaka juu ya ngozi.

Utendaji wake ni huu. Chembe inapotaka kugawanyika huhitaji malighafi ya kunakili mipango yake ya urithi. Fluorourasili hufanana na mojawapo ya malighafi hizo, na chembe huipokea kama yake. Kisha kazi ya kunakili hukwama, na chembe hufa. Chembe zilizoharibiwa na jua hugawanyika kwa kasi, hivyo hunaswa kwa wingi. Chembe nzima huathirika kidogo, nazo ndizo zinazojenga ngozi mpya.

Kwa hiyo kuchubuka ni dawa yenyewe ikifanya kazi. Hata sehemu ulizodhani ni nzima zinaweza kuwaka, kwa kuwa krimu huyafichua madoa ambayo bado hayajaonekana. Mgonjwa asiyejua hili huona uso umejaa vidonda vipya na kudhani ugonjwa umesambaa.

Majuma ya tiba, moja baada ya jingine

Ratiba ifuatayo ni ya kawaida kwa usoni. Mtaalamu wako aweza kuibadilisha, na maagizo yake ndiyo utakayoyafuata.

Juma la kwanza huwa tulivu. Unapaka tabaka jembamba, kwa kawaida mara mbili kwa siku, na kuanzia siku ya tatu au ya nne waweza kuona wekundu hafifu. Wengi hufikiri dawa ni dhaifu, wakaongeza kipimo. Usiongeze.

Juma la pili wekundu hukolea. Ngozi huwasha, huwaka na kuanza kuambuka. Maji ya kunawia huuma, na jasho huuma zaidi. Usingizi waweza kukatika.

Juma la tatu, na pengine la nne, ndilo gumu kuliko yote. Madoa huchubuka, hutoa majimaji na kufunikwa na magamba. Ndipo watu wengi hukata tamaa, na ndipo mtaalamu anapotakiwa kumwona mgonjwa ili aamue kama dawa imetosha. Kwa kawaida kupaka hukoma kati ya juma la pili na la nne.

Baada ya kuacha, ngozi huanza kufunga. Magamba hudondoka, na chini yake hutokea ngozi laini yenye wekundu. Kwa wengi vidonda hufunga ndani ya majuma mawili hadi manne, ingawa wekundu waweza kukawia zaidi ya hapo.

Hatutaki kumpamba mtu kwa maneno matamu: majuma haya yanachosha mwili na moyo. Maumivu yakikuzidi, usijiamulie kuitupa dawa, rudi kliniki. Mtaalamu aweza kukupumzisha kwa siku kadhaa, kukuandikia dawa ya kutuliza baada ya kumaliza, au kugawa uso katika sehemu, paji kwanza na mashavu baadaye, ili usibebe mzigo wote kwa mara moja.

Namna ya kupaka na kutunza dawa nyumbani

Osha sehemu kwa maji na sabuni isiyo kali, ikaushe taratibu, kisha paka kiasi kidogo kwa kutumia glavu au kijiti cha pamba. Ukipaka kwa kidole, nawa mikono mara moja. Usiifikishe machoni, puani wala ndani ya mdomo. Usifunge bandeji isipokuwa umeagizwa.

Mjamzito, anayetazamia kupata mimba na anayenyonyesha wasiitumie, na wasisite kumwambia mtaalamu hali yao. Mtoto anayezoea kubebwa na kukubusu asiguse uso uliopakwa. Mbwa na paka wanaolamba ngozi iliyopakwa au kutafuna tyubu wanaweza kufa, kwa hiyo iweke mahali pa juu palipofungwa.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Krimu za aina hii huwa na mafuta, na kitambaa kilicholowa mafuta hayo, hata kikishakauka, hushika moto upesi. Anayepika kwa kuni au mkaa asiinamie jiko akiwa na kanga au foronya yenye mabaki ya dawa, na vitambaa hivyo vifuliwe mara kwa mara.

Panga pia wakati. Kama daktari hajasema kuna haraka, anza tiba wakati kazi za shamba zimepungua, na iwe mbali na harusi au safari. Mweleze mwajiri wako. Waeleze na wa nyumbani mwako kabla uso haujabadilika, ili watakapouona wawe wa kukutia moyo.

Dalili ambazo si za kawaida

Wekundu, kuwaka, magamba na majimaji mepesi ni mambo ya kutarajiwa. Yafuatayo sivyo, na yakitokea acha kupaka na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo:

– usaha, harufu mbaya, au wekundu unaosambaa mbali na sehemu iliyopakwa, hasa ukiambatana na homa;
– jicho kuvimba, kuuma au kushindwa kuona vizuri;
– vidonda mdomoni, kuhara sana au kuhara damu, au kutapika. Wapo watu wachache waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja dawa hii mwilini, na kwao hata krimu inaweza kuleta madhara makubwa.

Aidha, tiba hizi mbili ni za madoa. Uvimbe unaokua, kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi mmoja, au doa gumu linalouma na kutoa damu, lahitaji kuchunguzwa kwanza, pengine kwa kukata kipande kidogo na kukipima. Usikubali kupewa krimu ya kupaka juu ya kidonda cha namna hiyo kabla hakijachunguzwa. Krimu yaweza kufunga juu huku ugonjwa ukiendelea chini.

Tahadhari wakati wa kununua

Fluorourasili ni dawa ya cheti. Inunue katika famasia yenye kibali na yenye mfamasia, na udai risiti. Tazama jina la dawa, nguvu yake kwa asilimia, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Tyubu iliyofunguliwa au iliyofutika maandishi irudishwe. Usinunue krimu iliyopimwa na kujazwa ndani ya kopo lisilo na maelezo.

Usikubali kubadilishiwa dawa hii kwa krimu ya steroidi. Hiyo hutuliza wekundu upesi, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini haiondoi doa la jua, na ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Hilo ndilo lililompata fundi wetu. Jihadhari zaidi na krimu za kung'arisha ngozi zinazodaiwa kuondoa kila aina ya madoa. Baadhi yake zina zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na mwenye ngozi iliyokwisha kudhurika hana la kupata humo ila madhara mengine.

Maswali unayostahili kujibiwa

Usitoke katika chumba cha mtaalamu kabla hujayapata majibu haya. Si ujuvi kuuliza; ni haki yako.

1. Je, una hakika kwamba haya ni madoa tu, au lipo linalopaswa kupimwa kwanza?
2. Kwa nini umenichagulia njia hii badala ya nyingine?
3. Nipake sehemu zipi hasa, mara ngapi kwa siku, na niache siku gani?
4. Uso wangu utakuwaje siku ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na moja?
5. Nirudi lini, na kabla ya hapo nimwone nani nikipata shida?
6. Gharama yote ni kiasi gani, na je, bima yangu inalipia?

Ikiwa huoni vizuri maandishi madogo, jambo ambalo huwapata wengi wenye ualbino, omba maagizo yaandikwe kwa herufi kubwa au usomewe pole pole mbele ya ndugu uliyemleta.

Baada ya kupona

Tiba huondoa uharibifu uliokwisha kutokea, haizuii mwingine. Ngozi mpya ni dhaifu kuliko ile ya zamani, na mtu akirudi juani kama alivyozoea, madoa yatarudi. Kinga ya kwanza ni nguo: mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kofia yenye ukingo wa mbele peke yake huacha masikio na shingo wazi, na huko ndiko saratani nyingi huanzia. Kinga ya pili ni kivuli, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Ya tatu ni losheni ya kuzuia mionzi, yenye kiwango cha kinga cha 30 au zaidi, inayopakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo husambazwa kwao bila malipo kupitia kliniki. Ulizia kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe namna ya kuipata.

Mwenye ualbino achunguzwe ngozi na mtaalamu angalau mara mbili kwa mwaka, hata akijiona mzima. Kati ya ziara hizo, mtu wa nyumbani ampapase masikio, shingo na mgongo kila mwezi, mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona.

Na fundi wetu je? Doa la sikioni aliliwahi. Lilipimwa, likakatwa na kushonwa, na kipande kidogo cha sikio kikaenda nalo. Kisha akapewa tena tyubu ile ile kwa ajili ya madoa ya paji la uso. Safari hii muuguzi alikaa naye, akamhesabia siku kwa vidole na kumwonesha picha za uso wa mgonjwa katika kila juma. Siku ya kumi na mbili uso wake ulipochubuka, aliitazama kalenda ukutani, akaona imefika siku aliyoambiwa, akapaka ya jioni na kwenda kulala.

Tunawaomba wahudumu wote watoe maelezo hayo bila kungoja kuombwa. Na wewe msomaji, usipoyapewa, yadai.